Kesi ya Leo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwalimu mkuu wa shule ile ya Lodwar alinipa sanduku la chaki, daftari la mahudhurio na onyo. Alikuwa mtu mrefu, suruali yake imepigwa pasi hata katika joto linalofanya mabati yalie. Alinisimamisha mlangoni mwa darasa la nne, akasema kwa sauti ambayo watoto wote waliisikia, "Mwalimu, hapa sisi tunajibu. Kuuliza ni kazi ya karatasi ya mtihani."

Nilikuwa msichana mwenye cheti cha kidato cha nne na alama ambazo sikujivunia. Tuliitwa walimu wasio na mafunzo. Cheti cha P1, yaani cha kufundisha shule za msingi, nilikipata baadaye kwa kusoma wakati wa likizo. Kwa hiyo nilifanya alivyosema. Mimi nilisema, watoto wakarudia. Niliandika, wakanakili. Mtoto aliyenyamaza tulimwita mwenye adabu, na hakuna aliyetaka kujua amenyamaza na nini.

Walimu vijana wanaosoma haya hawajui jinsi tulivyoandika. Kulikuwa na maazimio ya kazi, yaani mpango wa muhula mzima. Kulikuwa na andalio la somo, mpango wa kipindi kimoja. Kulikuwa na rekodi ya kazi, ambapo ulieleza kila wiki ulichofundisha. Mwalimu mkuu alitia sahihi kila Jumatatu, na sahihi yake ikishakaa mahali, hubadilishi neno bila kuandika upya kurasa zote. Mwalimu aliyefundisha vizuri bila kuandika alihesabiwa kuwa hajafundisha. Tabia hiyo iliniingia mwilini.

Somo la kufikiri lilinifikia kwa bahati tu. Mkufunzi wa kituo, ambaye ni afisa anayezunguka shule kadhaa akiwashauri walimu, alileta barua kwamba kila shule itoe mtu mmoja kwa mafunzo ya wiki moja. Wiki hiyohiyo kulikuwa na semina nyingine ya hesabu, na ilisemekana huko watachinja mbuzi. Walimu wakubwa wakaenda kwenye hesabu. Mimi nikaachiwa kufikiri.

Mama mmoja kutoka Nairobi alituketisha chini katika duara, sisi watu wazima, tukaona haya. Akatueleza kanuni. Unawasomea watoto kisa kifupi. Unawapa swali moja lisilo na jibu la kitabuni. Mtoto akisema jambo, atoe sababu. Akibadili mawazo, asichekwe. Mwalimu hatoi jibu, hata akibanwa. Chombo chake kikubwa ni neno moja tu: "Unajuaje?" Kile kisa yeye alikiita kwa neno la Kiingereza, na mimi nikaliandika kama nilivyolisikia na kama tulivyolizoea kwa chifu: kesi.

Niliporudi shuleni nilichora mstari mchangani nyuma ya darasa. Upande huu ndiyo, upande ule hapana. Ubaoni niliandika KESI YA LEO. Mbuzi wa jirani amepotea wakati wa ukame, amekuja bomani kwako, umemlisha na kumnywesha, kisha amezaa. Je, yule mtoto ni wa jirani?

"Ni ya mwenye mbuzi," alisema mvulana mmoja. "Mama ni yake, mtoto ni yake."

"Unajuaje mama ni yake?" msichana mmoja akamuuliza.

"Iko na alama kwa sikio."

"Na mtoto iko na alama?"

"Imezaliwa jana, wewe! Itatoa alama wapi?"

Watoto walicheka, na watatu wakavuka mstari. Nilipoinua macho, mwalimu mkuu alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo.

"Mwalimu, hili ni somo la michezo?"

"Hapana, mwalimu mkuu. Ni la kufikiri."

"Ala. Na wale wengine walio darasani wanafanya nini? Hawafikiri?"

Alishuku kwamba nimechoka kufundisha na natafuta namna ya kukaa nje. Tangu siku hiyo, kila kipindi hicho kilipofika, niliona viatu vyake chini ya mlango wa stoo, vimetulia.

Wazazi nao walishuku. Mzee mmoja alitembea kutoka njia ya Kalokol, akaja na fimbo yake na kigoda chake, akaketi mbele yangu bila hata kuniambia ejok, salamu yetu ya Kiturkana.

"Wewe ndiye nafundisha mtoto kubishana na baba yake?"

"Amesema nini, mzee?"

"Nilimwambia ile mbuzi ya kijivu ni mgonjwa. Akaniambia, baba, unajuaje. Mimi! Mimi nimechunga tangu mama yake hajazaliwa!"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwonyesha. Macho, pua, vile inasimama." Aligeuza fimbo mkononi. "Sasa kila asubuhi anataka nimwonyeshe nyingine. Mwalimu, mimi nimechoka."

Nilimwambia pole. Hakutabasamu, na mtoto hakumtoa shuleni. Hapo nikaanza kujivuna moyoni, na sitaficha hilo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kakuma, katika shule iliyo ukingoni mwa kambi, ambako watoto wa wenyeji na wa wakimbizi walisoma pamoja. Mwalimu mkuu wa huko alikuwa mtu wa kufunga makabati na kutembea na funguo zote shingoni. Alinipa ruhusa ya somo langu kwa sababu mradi mmoja wa elimu ulikuwa umelisikia na ulitaka kulitazama. Nilipewa darasa la sita. Watoto walijaa hata magoti ya mstari wa mbele yaligusa ukuta wa ubao.

Mwenzangu alikuwa Mwalimu Bahati, Mkongomani, mwalimu wa posho. Hao ni wakimbizi wanaofundisha bila kuajiriwa na serikali. Alijua kufundisha kuliko mimi, na kwao aliwahi kuwa mkuu wa shule. Wiki yangu ya pili alisimama nyuma ya darasa, akasoma ubao, kisha akanisubiri nje.

"Dada, hiyo neno kesi, ubadilishe."

"Kwa nini? Watoto wanaipenda."

"Hapa kesi si hadithi. Kesi ni faili ya mutu. Ndiyo inampeleka ng'ambo ama inamubakisha hapa. Mutoto akienda nyumbani aseme mwalimu amenifanyia kesi, mama yake hatalala."

Nilimwambia nimeshaandika maazimio ya muhula mzima, kesi ya kwanza hadi kesi ya kumi na mbili, na yameshatiwa sahihi. Nikasema nitabadilisha muhula ujao. Ndivyo nilivyomjibu. Sikutaka kuandika upya kurasa nane.

Zaidi ya hapo, nilikuwa na daftari lingine. Kila mtoto aliyesema jambo la maana niliandika jina lake na maneno yake, ili niweze kumwonyesha mkaguzi kwamba watoto kweli wanafikiri. Nililifunika kwa karatasi ya kaki. Nililipenda daftari lile kuliko vyeti vyangu.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye nitamwita Sifa. Yeye, mama yake na ndugu zake walikuwa wametoka Kongo. Hakuwa msemaji. Siku moja kesi ya leo ilikuwa hii: je, mtu anaweza kusema jambo lisilo kweli bila kudanganya? Wengi walikimbilia upande wa hapana. Sifa alibaki karibu peke yake kwenye ndiyo.

"Unajuaje, Sifa?"

"Mama anasemaka njiani tulikuwa watu watano," alisema. "Mimi nakumbuka sita. Kulikuwa mtoto mdogo mgongoni. Lakini mama hadanganyi. Amesahau tu, sababu inauma. Kusahau si kudanganya."

Watoto kama wanane walivuka mstari kwenda kwake bila kuambiwa. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusikia mtoto akifikiri vizuri namna ile. Jioni yake niliandika maneno yale, neno kwa neno, pamoja na jina lake lote.

Muda mfupi baadaye alikuja afisa wa mradi wa elimu. Alikuwa kijana mpole, mwenye kupiga picha kila kitu kwa simu. Alikaa kwenye duara na watoto, akanisifu, kisha akaomba daftari aende nalo kwa wiki mbili, kwa ajili ya ripoti. Nilimpa kwa mikono miwili. Sikumwuliza ripoti ya nani wala itasomwa na nani. Neno nililowafundisha watoto kila wiki halikunijia mdomoni.

Wiki ya tatu Sifa hakuja. Siku ya nne ya kukosa kwake, mama yake alikuja getini. Nilimkaribisha, akakataa kuingia.

"Mwalimu, mi niko na swali moja tu. Nani alikutuma uandike kesi ya mutoto wangu?"

"Hakuna aliyenituma, Mama Sifa. Kesi ni hadithi tu ya darasani."

"Hadithi." Alicheka bila kufurahi. "Ku ofisi baliniita. Baliniuliza, njiani mulikuwa batu ngapi? Nikasema batano, kama siku zote. Ule afisa akaniangalia, akasema, unajuaje? Mwalimu, miaka yote nimekaa hapa, hakuna mutu aliniuliza vile. Na ile neno mutoto wangu anaisemaka nyumbani kila siku. Imetoka wapi?"

Alinieleza kwamba kesi yao imesimamishwa, wasubiri maelezo zaidi, na kwamba Sifa hatarudi shuleni. Akaondoka akipita kando ya ua wa mathenge, ile miti ya miiba, asigeuke.

Nilikwenda ofisini kwa afisa wa mradi mchana uleule. Alinipa kiti.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Daftari liko hapahapa mezani. Hakuna aliyelisoma ila mimi."

"Unajuaje?" nikasema.

"Nini?"

"Unajuaje kwamba hakuna aliyelisoma? Mlango huu hufungwa?"

Alicheka kidogo. "Ofisi ya elimu na ofisi ya kesi hazikutani, mwalimu. Ni vitengo tofauti kabisa."

"Mnakula mahali pamoja."

Hakucheka tena. Alisema huenda nimechoka, kwamba joto la mwezi ule ni baya, na kwamba maswali mengine hayasaidii mtoto. Nilimtazama na kuona mtu ambaye huenda anasema kweli, na huenda anaficha, na sikuwa na njia ya kutofautisha.

Nilirudi na daftari. Kwenye ukurasa wa Sifa, pembeni ya neno sita, palikuwa na alama ndogo ya wino wa bluu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia huandika kwa kalamu ya bluu, na kwamba jioni ile nilifurahi sana. Huenda alama ile ni yangu. Hadi leo sijui.

Nilimwambia Mwalimu Bahati kwamba nitakwenda kumweleza yule mama kila kitu. Alitikisa kichwa.

"Ukimwambia, utakuwa adui. Usipomwambia, utabaki mwalimu aliyekosea neno moja. Tena wataogopa shule yote, dada. Fikiri."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana yeye ndiye angebaki kuishi nao. Nilifikiri siku mbili, kisha nikaenda.

Nilimkuta uani akichambua lengalenga, ile mboga ambayo sisi tunaiita terere. Sifa alikuwa ameketi kando yake. Sikukaribishwa kiti, nami nikasimama.

"Mama Sifa, pale getini sikukwambia yote. Maneno ya Sifa niliyaandika pamoja na jina lake. Halafu daftari nikampa afisa wa mradi. Sijui kama ndilo lililofika ofisi ya kesi. Sijui pia kama silo."

"Soma," alisema.

Nilifungua. Nilianza na jina lake. Alininyang'anya daftari akampa Sifa. "Asome mwenye maneno."

Sifa alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, hadi mwisho, kusahau si kudanganya. Mama yake aliendelea kuchambua majani. Aliyaweka mazuri upande mmoja na mabovu upande mwingine.

"Sikusahau," alisema hatimaye. Alikuwa akisema na mtoto, si na mimi. "Sikusahau, Sifa. Nikimutaja banauliza alikufa namna gani. Ndiyo maana simutaji."

Sifa hakulia. Alisogea tu karibu, bega kwa bega. Mama yake akaniinulia macho. "Na weye, Mwalimu, uko na batoto ngapi?"

"Wawili," nikasema upesi, kama ninavyosema kila mara.

"Unajuaje?" Sifa akasema. Lilimtoka kwa mazoea, na mama yake akamchapa goti. "We mutoto! Heshima!"

Nilibaki nimesimama na jua kisogoni. "Watatu," nikasema. "Wa kwanza alikufa kwa surua huko Lowarengak. Alikuwa hajaanza kutembea."

Kisha yule mama akafuta mikono kwenye kitenge. "Nenda sasa, Mwalimu. Ile daftari uiache."

Nililiacha. Baadaye nilisikia kwa Mwalimu Bahati kwamba alikwenda mwenyewe ofisini, bila kuitwa, akasema walikuwa sita, akataja jina, akajibu yote aliyoulizwa. Alirudi akakaa ndani siku tatu. Muhula ule niliandika maazimio upya, kurasa nane, neno kesi nikalitoa kila mahali nikaweka kisa. Mwalimu mkuu alilalamika juu ya sahihi, kisha akafungua kabati na kuitia.

Sifa alirudi Jumatatu moja baada ya likizo. Alisimama mezani pangu, akasema kama aliyekariri, "Mama amesema nisikilize tu, nisiongee. Na wewe usiandike." Nikakubali. Muhula mzima hakusema neno kwenye duara. Lakini alivuka mstari. Alisikiliza wenzake, akawaza, akavuka, mara nyingine akarudi, na mimi nikaweka kalamu mfukoni nikamtazama tu.

Ilichukua muda mrefu. Kisha majina yao yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, katika orodha ya wanaokwenda ng'ambo. Siku chache kabla ya kuondoka, yule mama alikuja getini tena, na safari hii aliingia.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Sitaki ufikiri nimekuja kwa ile. Nimekuja sababu Sifa amelia, anataka tukuage." Akanipa mkono, mkavu, kisha akamvuta mtoto wakaenda.

Mwalimu Bahati hayupo tena. Alifariki kwa homa mwaka mmoja kabla sijastaafu, akazikwa kambini, mbali na kwao. Sijapata mtu mwingine wa kuniambia nibadilishe neno gani.

Sasa naishi Lodwar. Walimu vijana hunijia, maana mtaala mpya unasisitiza kufikiri, na wanataka kujua sisi tulifanyaje. Nawaonyesha mstari mchangani. Nawaambia wapunguze kusema. Nao hunieleza kwamba wanatakiwa kupiga picha kazi za watoto na kuzituma kwenye mfumo. Nawauliza, mfumo ni nani? Wanacheka, wanafikiri nazeeka. Nawauliza tena, na wanaacha kucheka, lakini kesho yake nasikia wamezituma. Siwalaumu, kwa sababu wana wakubwa wao na Jumatatu zao. Nami najua jinsi inavyokuwa rahisi kumpa mtu mpole kitu kisicho chako.

Wananiuliza pia kama nina kumbukumbu zozote za somo lile, majina, maneno ya watoto, ushahidi kwamba lilifaa kitu. Sina. Kuna hiki tu nilichoandika hapa, na kabla hamjakiamini chote, niseme. Sifa si jina lake. Wala njiani hawakuwa watano, wala hawakuwa sita. Idadi yenyewe naijua, na jina la yule mtoto wa mgongoni nalijua, kwa sababu lilitamkwa mbele yangu pale uani, nami nimeliacha nje ya maandishi haya. Anayetaka kuvijua amtafute mwenyewe, aombe ruhusa kwanza, na akiulizwa ni vya nini, awe na jibu.